Nani Kaketi Wapi? Ufeministi Katika Ofisi ya Ustawi wa Jamii

Ukitaka kumuudhi afisa ustawi wa jamii, mwambie kazi yake ni ya kifeministi. Wengi watakana upesi, kama mtu aliyesingiziwa wizi. Watakwambia wao ni wasuluhishi, kazi yao ni kujenga nyumba za watu na si kuzibomoa. Neno lenyewe lina harufu ya semina za hotelini, na mtaani limepewa maana moja tu: mwanamke aliyeshindwa na ndoa yake, sasa anawafundisha wenzake kuachika. Mimi naona neno hilo limeonewa, na wanaolipia uonevu huo si wahadhiri wa chuo. Ni wanawake wanaoketi kwenye mabenchi ya ofisi hizo.

Chukua kikao cha kawaida. Mama amefika ofisi ya ustawi ya wilaya, mumewe ameitwa kwa barua, na sasa wameketi bega kwa bega mbele ya meza. Afisa, kwa heshima zote, anasema: "Haya mama, wewe ndiye uliyeleta shauri, tueleze." Mama anavuta kanga begani, anamtupia mumewe jicho, kisha anasema ni mambo ya kawaida tu ya ndani, baba Asha siku hizi haachi hela ya matumizi. Baba Asha, ambaye hakunyimwa maneno mazuri, anakiri: kazi zimekuwa ngumu, lakini mama naye ana mdomo. Wote wawili wanaonywa, wanapeana mikono, faili linaandikwa "wamepatana". Wanarudi nyumbani kwa bodaboda moja. Kile mama alichokuja kukisema hakikusemwa.

Hapo ndipo nadharia ya kifeministi inapoingia, nayo huanza na swali dogo: nani kaketi wapi? Usuluhishi tuliorithi kwa wazee, pamoja na ule unaofundishwa darasani kwa jina la nadharia ya mifumo, yaani kuitazama familia kama mfumo mmoja, una dhana moja. Vyombo vikikaa kabati moja havikosi kugongana, kwa hiyo kila chombo kina sehemu yake katika kishindo. Miaka ya 1980, wanawake waliokuwa ndani ya fani ya tiba ya familia huko Marekani waliipinga dhana hiyo pale penye kipigo. Ukishasema ugomvi ni mduara usio na mwanzo, walidai, aliyepiga na aliyepigwa wanagawana lawama, na mwenye nguvu ndiye anayetoka akiwa amepunguziwa mzigo. Anayemtegemea mtu kwa unga na kwa kodi ya chumba hawezi kusema yote akiwa amebanana naye kwenye benchi. Kusema hivyo si kuwachukia wanaume. Ni kupiga hesabu ya nani atalipa nini jioni ikifika.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 101, inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya talaka kuombwa mahakamani, isipokuwa katika mazingira machache maalumu. Bila ile Fomu namba 3 inayothibitisha kuwa usuluhishi umeshindikana, safari ya mahakamani inakwama. Halafu mama mwenyewe mara nyingi hakuja kutafuta talaka. Anataka kipigo kikome, hela ipatikane, ndoa ibaki. Nyumba salama ni chache na ziko mbali. Kwao, kaka ameshaoa na vyumba vimejaa. Afisa anayemhimiza aondoke, kisha saa tisa na nusu alasiri akafunga ofisi na kwenda zake, amemsaidia nini? Hilo nalikubali bila kusitasita. Anayeamua ni mteja, na mfeministi anayemwamulia mwanamke amejigeuza mume wa pili.

Lakini silaha wanayoipenda zaidi ni takwimu moja, nami nitakaa nayo kidogo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wakikubali kuwa mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya tano: kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kumuaga, kutowajali watoto, kumnyima unyumba. Basi, wanasema, wenyewe wameridhika. Nadharia yenu inamtetea nani?

Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Weka namba hizo mbili pamoja. Kipigo kinatetewa zaidi na wale kinaowaangukia! Kama lingekuwa suala la nani anakipenda, tungetarajia kinyume. Nionavyo mimi, wengi wa wanawake wale hawakuwa wanatoa baraka. Walikuwa wanaeleza kanuni za nyumba wanamoishi, kama abiria anayekwambia konda wa daladala hii anakushusha njiani usipokuwa na nauli kamili. Msichana amezijua kanuni hizo tangu kwa mama yake, na kuzijua ndiko kunakompunguzia makofi. Mwanaume hana haja ya kuzikariri.

Kuna jingine ndani ya utafiti huohuo. Ulipotaka kujua mume amemfanyia nini mkewe, haukuishia kuuliza kama amefanyiwa ukatili. Ulitaja kitendo kimoja kimoja: amewahi kukusukuma? Kukupiga kofi? Kukusokota mkono? Kukupiga teke? Asilimia 40 ya wanawake walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wafike miaka 15, na kwa walioolewa anayetajwa zaidi ni mume. Maana yake mwanamke yuleyule anaweza kusema mume ana haki, na katika mahojiano hayohayo akahesabu makofi. Afisa anayeuliza, "Unanyanyasika nyumbani?" atajibiwa hapana, naye ataandika hapana kwa moyo safi. Anayeuliza, "Mara ya mwisho alipokasirika, alifanya nini kwa mikono yake?" atasikia mengine. Tofauti ya maswali hayo mawili, kwangu, ndiyo ufeministi kazini. Mengi yaliyobaki ni mapambo ya ripoti.

Kuhusu madai kwamba haya ni mambo ya wazungu, nitakuwa mfupi. Kifungu cha 66 cha sheria ile ile ya 1971 kinatamka kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za mke wa nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, maana ilionekana fungu lake alishalitumia katika fedha alizopewa na mumewe. Wenzake wamekula matunda ya kesi yake hadi leo.) Hakuna mfadhili aliyetuletea hayo kwenye mkoba.

Udhaifu wa kweli uko kwingine, na wapinzani wetu hawaugusi. Nadharia ikibaki kwenye mwanaume huku na mwanamke kule, inapofuka. Dada wa kazi anayelala jikoni na kunyimwa mshahara, mara nyingi anayemnyima ni mama mwenye nyumba. Mke kijana anaweza kumwogopa mama mkwe kuliko mume. Nenda Tarime ukutane na nyumba ntobhu, ambapo mwanamke mwenye mali humuoa mwanamke mwenzake ili apate watoto wa kurithi boma, kisha uniambie nani hapo ni mfumo dume. Mwanasheria Mmarekani Kimberlé Crenshaw alionyesha mwaka 1989 kuwa jinsia haikandamizi peke yake, hukutana na rangi na tabaka njiani. Kwetu ongeza umri, ukoo na mahari. Afisa aliyehitimu na mchoro wa pande mbili tu atamwona dada wa kazi amesimama mlangoni na kudhani kaleta chai.

Kilichobaki ni chumba. Ofisi za ustawi ninazozijua mimi zina chumba kimoja, meza mbili, na mlango usiofunga vizuri. Sheria inataka kila upande upewe nafasi ya kusikilizwa, na kumsikiliza mmoja kabla ya mwingine hakuvunji sharti hilo. Mume atanung'unika kuwa anasengenywa, naye ana haki ya zamu yake, peke yake, kwa muda uleule. Baadaye, mama akitaka, waketi pamoja. Bajeti haihitajiki. Anahitajika afisa wa kusema: "Baba, naomba utusubiri pale chini ya mwembe, dakika ishirini tu."