Jogoo Wangu Hachinjwi kwa Sababu ya Mradi

Wiki iliyopita tuliitwa barazani, tukaambiwa tukawachinje majogoo wetu. Wallahi si utani. Kijana mmoja wa mradi wa kuku, shati limepigwa pasi likapigika, alisimama mbele ya akina mama wa Muyeye na Maweni, mitaa yetu ya Malindi, akasema, "Mama zangu, hawa majogoo wa kienyeji ndio wanaowarudisha nyuma. Waondoeni wote, tutawaletea wa kisasa." Akina mama wakapiga makofi. Soda zilikuwa zimeshafunguliwa, labda ni hizo.

Mimi sikupiga. Nilimuuliza swali moja tu: hao kuku wako wa kisasa, wanaatamia? Akacheka. Akaniambia, "Mama, siku hizi kuna mashine." Hapo ndipo nilipokasirika, na mpaka leo bado.

Maneno haya si mapya. Miaka ya 1970 serikali ilikuwa na mpango wa kugawa majogoo wa kisasa vijijini, watu watoe wa kwao wapokee wa serikali. Muulizeni mzee yeyote wa Ganda au Kakuyuni awaonyeshe walipo wajukuu wa hao majogoo. Kisha akuonyeshe kuku wa kienyeji, utawaona wanaparua mbele ya mlango wake.

Jogoo wangu ni kuchi. Waliokaa Lamu sihitaji kuwaeleza. Ni yule mrefu mwenye shingo ndefu na kishungi kidogo, mapaja kama ya mtu, akisimama mlangoni mgeni husita kupiga hodi. Wanaochunguza vinasaba wanasema nasaba yake inakwenda hadi kwa majogoo wa Asia. Mie sikuhitaji maabara, kuku wa Wabajuni, watu wa visiwa vya Lamu, walijua bahari kabla ya huyo kijana kujua barabara ya Mombasa. Huyu wangu nilipewa na wakwe zangu wa Faza, kisiwani Pate. Tulitoka naye kwa mashua hadi Mokowe, gati ya bara, tukampakia kwenye basi ndani ya tenga, na kila kizuizi njiani ilikuwa "abiria wote shukeni, kitambulisho mkononi." Tukashuka, tukapanda, tukashuka tena. Abiria pekee ambaye hakuulizwa kitambulisho ni jogoo, na ndiye aliyekuwa akipiga kelele zaidi kuliko wote.

Sasa huyo ndiye niambiwe nimchinje. Magofu ya Gede, hapo jirani tu, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Mji wa Lamu uliingia tangu 2001. Ukigusa jiwe la Lamu bila ruhusa utaitwa ofisini. Lakini kuku aliyekuwa akitembea baina ya mawe hayo tangu enzi, huyo ni wa kuchinjwa, tena kwa mkutano wa nusu saa.

Nirudi kwenye kuatamia, maana hapo ndipo penye ugomvi wangu wote. Hawa wanaoletwa, Kuroiler wa kutoka India, Sasso wa Ufaransa, hata wale wa kienyeji waliochanganywa kule Naivasha, wamechaguliwa kwa mayai na nyama. Kuku akikaa juu ya mayai siku 21 hatagi, kwa hiyo tabia hiyo wameipunguza mpaka wengi hawana kabisa. Kwa mwenye banda la kuku elfu na mashine ya kutotoa, sawa. Kwa mimi mwenye uwa wa nyuma ya nyumba, mpapai mmoja, na stima inayokatika kila upepo ukivuma, kuku asiyeatamia ni kuku wa msimu mmoja. Atataga, atazeeka, utamla, na ukimaliza kumla huna kitu. Utarudi kwa yule yule aliyekuuzia vifaranga ununue tena. Na ukijaribu kuwapandisha mwenyewe, mara nyingi watoto hawatoki kama wazazi, kwa sababu wazazi wengi wenyewe ni machotara. Wauzaji wanalijua hilo. Biashara yao imesimama hapo hapo.

Koo wangu mwekundu, yaani kuku jike wa kutaga na kulea, hajawahi kununuliwa. Mamake alikuwa wa mamangu. Anataga kumi na mbili, kumi na tatu, siku moja unamwona amevimba, amelalia kona ya jikoni nyuma ya mtungi, ukimpelekea mkono anakudonoa mpaka damu. Unamwekea maji na chenga za mchele karibu, unamwacha. Siku ya ishirini unaweka sikio, unasikia mlio ndani ya yai. Hakuna mashine iliyoungua, hakuna tokeni ya stima iliyokwisha usiku wa manane. Kisha anatoka nao uwani, anaparua mara mbili, anarudi nyuma hatua, anawaita kwa mlio ule wa chini chini, nao wanakuja wote kwa mbio kuangalia ni mchwa au ni takataka.

Na kuna kunguru. Mtu wa Malindi hahitaji kuhadithiwa habari za kunguru. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walitangaza kwamba wataangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Haya, nenda pale sokoni alfajiri uwahesabu waliobaki. Kifaranga wa mashine hana mama. Kivuli kikipita juu, anatazama juu kwa mshangao, na huo ndio mshangao wake wa mwisho. Kifaranga wa koo wangu akisikia mlio mmoja tu wa mamake huwa keshaingia chini ya mbawa, na kunguru akithubutu kushuka anapambana na mama na kuchi kwa pamoja. Jirani yangu alipewa vifaranga vya mradi mwaka jana, vizuri kweli, vimechanjwa, vina rangi. Wiki ya pili kunguru walikuwa wanavichukua mmoja mmoja kutoka juu ya paa la makuti, kama watu waliopanga foleni ya mgao. Waliobaki ilimbidi awafungie ndani ya wavu na kuwalisha chakula cha gunia, wakati wangu wanakula machicha ya nazi, vichwa vya dagaa na chochote wanachokiokota.

Haya, nikubali kidogo. Kuku wa mradi wanataga. Kuku wao anatoa mayai 150 kwa mwaka na zaidi, wangu akijitahidi sana ni 50. Mwenye kuuza mayai kwa hoteli na afuge hao, simzuii, wala simcheki. Na kuna jambo jingine ambalo kijana wa mradi alikuwa na haki nalo, na limeniuma kwamba ana haki: wengi wetu tunamwacha jogoo mmoja miaka na miaka, anapanda binti zake, kisha binti za binti zake, vifaranga vinatoka dhaifu tunasingizia jicho la watu. Jogoo abadilishwe, ndiyo. Lakini abadilishwe na jogoo wa Marafa, wa Garashi, wa Faza. Mmoja kwa koo kumi anatosha. Si lazima jogoo mpya ashuke kutoka kwenye ndege.

Mpangaji wa nyumba ya nyuma amelalamika kwamba kuchi anawika saa tisa ya usiku. Anawika kweli.

Msidhani nachukia kila cha kigeni. Bata wangu ni wale wenye nyama nyekundu usoni, wanaofoka badala ya kulia, na asili yao ni Amerika ya Kusini. Wageni watupu! Lakini mgeni huyu alikuja na adabu ya kulea. Bata jike akitaka kuatamia anajinyonyoa manyoya ya kifuani, anatandika kiota. Mara moja kwa siku anatoka kula na kuoga, na kabla ya kutoka anayafunika mayai kwa manyoya yale yale. Anarudi kifua kimelowa, analala juu yao tena, unyevu ule unasaidia ganda lisikauke. Siku 35 anakaa hivyo. Mimi humpa na mayai ya kuku. Ukiyachanganya, mayai ya kuku yaingie siku 14 baada ya yake, la sivyo kuku watatoka mapema, bata anyanyuke nao, na yake yapoe. Hii nimefundishwa na khalati yangu ambaye hakuwahi kukaa semina hata moja.

Na tafadhali acheni ile hadithi kwamba bata lazima awe na bwawa. Kwa maji yetu haya ya mifereji inayokohoa upepo, nani ana bwawa? Beseni la kufulia linamtosha, mradi liwe na kina cha kuzamisha kichwa chote asafishe macho na pua. Maji machafu unamwagia mpapai. Wanaosema bata ni mchafu waje wauone mpapai wangu.

Kama mradi unataka kutusaidia kweli, kuku wetu hawafi kwa sababu ni wa kienyeji. Wanakufa kwa kideri, ule ugonjwa wa Newcastle. Kikipita, unaamka asubuhi unakuta shingo zimepinda, kinyesi kijani, jioni huna kuku, awe kuchi awe wa Ufaransa. Bata hata huenda asiugue kabisa, kumbe anakipitisha kwa kuku. Na chanjo ipo! Tone moja la jicho, unarudia kila miezi mitatu. Shida ni kwamba chupa moja ina dozi mia, mama ana kuku tisa, inataka baridi, na ikishachanganywa haikai saa nyingi. Sisi mtaani tumezoea kuchangishana, mmoja anatumwa dukani na chupa ya chai iliyojaa barafu, anarudi kwa bodaboda mbio, tunakamata kuku nyumba kwa nyumba kabla jua halijawa kali. Mnunulie mtaa friji moja ndogo na mumlipe kijana mmoja anayejua kuchanja, basi. Lakini friji haipigwi picha ikapendeza kama akina mama waliopakata vifaranga vya rangi.

Fomu za kupokea majogoo zinajazwa mwezi ujao, na sharti la kwanza ni uonyeshe kwamba umeondoa wako. Mie sijazi. Nina majogoo wawili wa kuchi waliokomaa, kipi, ile miiba ya miguuni, zimeanza kutoka, na siwezi kuwaweka hapa na dada zao. Mwenye jogoo wa kienyeji asiye wa ukoo wangu, awe wa Malindi, Watamu au kule Witu, aje naye tubadilishane. Siuzi. Na mayai ya bata yameshawekwa, msiniombe mpaka hawa watoke.