Viti vinne vya Nova Scotia na tarehe iliyofutwa

Nova Scotia ni mkoa mdogo wa pwani ya mashariki ya Kanada, na Bunge lake ndilo kongwe kuliko yote nchini humo. Lilikutana mara ya kwanza Oktoba 1758, zaidi ya karne moja kabla ya Kanada yenyewe kuundwa. Leo lina viti 55. (Magazeti yetu hupenda kuandika "jimbo la Nova Scotia". Mimi nitasema mkoa, maana majimbo ya uchaguzi ndiyo habari yenyewe na sitaki tuchanganyikiwe.)

Kila Bunge duniani hulazimika kujibu maswali mawili: nani aingie, na akae mpaka lini. Nova Scotia imeyajibu yote mawili katika miaka ya karibuni, na nikiyaweka majibu hayo pamoja naona kasoro ambayo watu wengi wanaojadili siasa za huko huipita. Mipaka ya viti ina mlinzi. Muda wa kuvikalia hauna.

Nianze na viti. Kwa sensa ya 2021 mkoa ulikuwa na wakazi karibu 970,000. Ukiwagawa kwa 55, kila mbunge anawakilisha watu kama 17,600. Lakini mgawanyo halisi hauko hivyo. Argyle na Clare, majimbo mawili ya kusini-magharibi, yana wapiga kura karibu nusu tu ya wastani. Kwa hesabu hiyo, mtu wa Clare anapopiga kura moja, uzito wake ni kama wa watu wawili wa mjini Halifax. Richmond nalo ni dogo kuliko kawaida, na Preston pia, ingawa si kwa kiasi hicho. Manne haya yalilindwa kwa makusudi na tume ya mipaka ya 1992 yabaki madogo, na ulinzi huo ukatumika kuanzia uchaguzi wa 1993: matatu kwa ajili ya Waakadia, watu wanaozungumza Kifaransa, na Preston kwa ajili ya watu weusi wa Nova Scotia.

Anayeudhika na hesabu hiyo ana haki ya kuudhika. Kura ni kitu pekee ambacho tajiri na maskini hupewa sawasawa, na ukianza kusema huyu kura yake izidi kidogo kwa sababu ya babu zake, unafungua mlango ambao wengine watataka kuupita. Tayari walitaka. Waakadia wa Chéticamp, kijiji cha wavuvi kwenye kisiwa cha Cape Breton, waliomba jimbo lao wenyewe, na tume iliyotoa ripoti mwaka 2019 haikuwapa.

Wapinzani wana hoja nyingine nzito zaidi, nayo inatoka kwenye matokeo yenyewe. Wayne Adams alishinda Preston mwaka 1993 na kuwa mbunge wa kwanza mweusi katika historia ya Bunge hilo. Yvonne Atwell akafuata mwaka 1998, mwanamke mweusi wa kwanza. Lakini kuanzia 1999 hadi 2021, miaka 22 mfululizo, Preston iliwakilishwa na wazungu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo jimbo lilikuwa bado limelindwa. Upande wa pili, Tony Ince, mtu mweusi, alishinda mwaka 2013 katika jimbo la kawaida kabisa la Cole Harbour, tena kwa kumwangusha waziri mkuu wa mkoa aliyekuwa madarakani, Darrell Dexter. Na Argyle ilipounganishwa na jirani yake Barrington, Chris d'Entremont, Muakadia, aliendelea kuchaguliwa. Kama watu wa jamii ndogo wanaweza kushinda kwenye majimbo makubwa, ya nini kuwatengea madogo?

Nimelitafakari swali hili kwa muda, na jibu ninaloliona haliko kwenye rangi ya aliyekikalia kiti. Liko kwenye kile ambacho mbunge, awe nani, analazimika kukisikiliza. Babu zao watu wa Preston walifika kwa mawimbi: watu weusi waliosimama upande wa Waingereza katika vita vya Marekani na kuhamishiwa huko mwaka 1783, Wamaroon wa Jamaika mwaka 1796, kisha wakimbizi wa vita ya 1812. Maisha yalikuwa magumu kiasi kwamba mwaka 1792 karibu watu 1,200 walipanda meli Halifax kurudi Afrika, wakaanzisha Freetown. Waliobaki walipewa ardhi ya mawe, na familia nyingi hazikupewa hati. Suala hilo la hati halikuisha. Angela Simmonds, aliyeshinda Preston mwaka 2021, alikuwa mwanasheria aliyekuwa akishughulikia hati hizo hizo za ardhi kabla hajaingia kwenye siasa. Katika jimbo kubwa lenye vitongoji vipya vya wafanyakazi wa mjini, tatizo la namna hii lingekuwa la mwisho kwenye orodha ya mgombea. Preston ni vigumu kugombea bila kuulizwa juu yake. Mwaka huo wagombea wa vyama vyote vitatu vikubwa katika jimbo hilo walikuwa watu weusi, na hakuna sheria iliyovilazimisha vyama kufanya hivyo.

Waakadia nao wana kumbukumbu yao. Kati ya 1755 na 1763 Waingereza waliwafukuza kwa maelfu, wakachoma nyumba zao na kuwatawanya. Waliorudi walikuta mashamba yao yamegawiwa wengine, wakajipanga upya kando ya ghuba huko Clare. Kwa watu wa aina hii, mstari kwenye ramani unaowagawa vipande viwili na kuwameza kwenye majimbo ya Kiingereza hauonekani kama jambo la kiufundi.

Mahakama Kuu ya Kanada iliona jambo hili mwaka 1991, katika kesi iliyotoka Saskatchewan. Ilisema haki ya kupiga kura haiishii kwenye usawa wa idadi. Lengo ni uwakilishi unaomfikia mtu kweli, na jiografia, historia ya jamii na maslahi ya walio wachache vinaweza kuhesabiwa. Nakubaliana nayo. Hata hivyo sidhani kwamba kiti kidogo kinajitetea chenyewe milele. Kila kizazi kinapaswa kuulizwa tena kama kinakihitaji.

Lakini aulize nani? Mwaka 2012 serikali ya Dexter iliipa tume mpya sharti kwamba hakuna jimbo litakalopishana na wastani kwa zaidi ya asilimia 25. Tume ilisikiliza wananchi, na katika ripoti yake ya awali ikapendekeza majimbo manne yabaki. Waziri wa sheria, Ross Landry, akaikataa ripoti hiyo. Ripoti ya mwisho ikayafuta, viti vikashuka kutoka 52 hadi 51. Waakadia hawakunyamaza. Januari 2017 Mahakama ya Rufani ya Nova Scotia ikasema serikali ilivunja Katiba kwa kuizuia tume kufikia uamuzi wake yenyewe. Zingatia ilichosema: haikuamuru majimbo yarudishwe, ilisema tu kwamba waziri hakuwa na haki ya kuushika mkono wa tume. Tume iliyofuata, ikiwa huru, ndiyo iliyoyarudisha, na Bunge likafika viti 55 katika uchaguzi wa 2021. Mfumo ulichelewa, uchaguzi mbili zikapita kwa ramani mbovu, lakini ulijisahihisha.

Sasa tuje kwenye muda. Katiba ya Kanada inaweka ukomo mmoja kwa mabunge yote: miaka mitano. Inaweza kuzidi wakati wa vita, uvamizi au uasi tu, na hapo hairuhusiwi ikiwa zaidi ya theluthi moja ya wabunge wanapinga. Kifungu hicho kina sababu yake, kwani Bunge la Ontario lililochaguliwa 1937 halikurudi kwa wapiga kura mpaka 1943. Ndani ya miaka hiyo mitano, waziri mkuu wa mkoa ndiye huchagua siku. British Columbia ilikuwa ya kwanza kuweka tarehe maalum kwa sheria, mwaka 2001. Nova Scotia ilikuwa mkoa wa mwisho. Ilikuwa serikali ya Tim Houston iliyopitisha sheria hiyo mwaka 2021, na tarehe ikawa 15 Julai 2025.

Haikufika. Houston, waziri mkuu wa mkoa, aliitisha uchaguzi ufanyike tarehe 26 Novemba 2024, miezi saba na zaidi kabla ya siku yake. Sheria iliacha mamlaka ya gavana, mwakilishi wa Mfalme katika mkoa, ya kuvunja Bunge kama yalivyokuwa, na gavana hufuata ushauri wa waziri mkuu. Kwa hiyo hakuna kilichovunjwa kisheria. Chama chake, Progressive Conservative, kilipanda kutoka viti 31 hadi 43. Mapema 2025 Bunge hilo jipya likaifuta kabisa sheria ya tarehe maalum.

Wanaomtetea wana la kusema. Alitaka ridhaa mpya, na wapiga kura wakampa kwa wingi. Kama walikerwa, nafasi ya kumwadhibu walikuwa nayo. Tarehe inayojulikana mapema huzaa kampeni za mwaka mzima na matumizi ya serikali yanayoongezeka kadiri siku inavyokaribia. Na sheria ambayo haimfungi mtu, bora isiwepo kuliko kuwepo kwa jina. Hoja hii ya mwisho naiheshimu.

Ila hii ya adhabu ya wapiga kura hainishawishi. Katika uchaguzi ule walijitokeza takriban asilimia 45 tu ya waliostahili, kiwango cha chini kuliko vyote katika kumbukumbu za mkoa. Katikati ya kampeni, tarehe 15 Novemba, wafanyakazi wa posta walianza mgomo. Chama cha Liberal kilipata kura nyingi kidogo kuliko chama kingine cha upinzani, NDP, lakini kikaambulia viti viwili, NDP kikapata tisa. Siku ya uchaguzi na ramani ya viti hufanya kazi pamoja, na anayechagua siku anajua ni nani hajajiandaa. Ukimwachia yeye, ni kesi ya nyani kuamuliwa na ngedere.

Kwa hiyo ningependa muda nao upewe mlinzi. Si lazima iwe tarehe isiyosogezeka. Ingetosha sheria kusema kwamba serikali yenye wingi wa wabunge haiwezi kwenda mapema bila kura ya theluthi mbili za Bunge, ili walau upinzani ukubali. Huenda marekebisho ya kikatiba yakahitajika kwa sababu ya mamlaka ya gavana, na najua ugumu wake Kanada. Lakini ni ugumu ule ule ambao Waakadia walikabiliana nao mahakamani kwa miaka.

Bunge lililochaguliwa Novemba 2024 linaweza kukaa hadi mwishoni mwa 2029. Sheria inadai tume ya mipaka iundwe angalau kila baada ya miaka kumi, na ripoti iliyochora ramani ya uchaguzi huo ilikuwa ya 2019. Watu wa Preston wanaweza kujua ni lini tume itakuja kuwasikiliza. Siku ya kupiga kura watajulishwa Houston atakapoamua.