Kinga haikai ikitazama tu
Mwandishi wa makala tunayoijadili humu anasema VVU vikishaingia mwilini, kinga ya mwili hukaa ikisubiri kumalizwa mpaka dawa zianze. Hapo sikubaliani naye. Seli za CD4, yaani seli nyeupe za damu zinazoongoza kinga, zinashambuliwa, ni kweli, lakini zina ndugu zao, seli nyeupe za CD8, na hizo ndizo askari hasa: hujibana kwenye seli iliyoambukizwa, hutoboa utando wake na kumimina vimeng'enya vinavyoifanya ife kabla haijatoa virusi vingi zaidi. Ndiyo maana wiki chache baada ya maambukizi wingi wa virusi hushuka hata kabla ya kidonge cha kwanza. Mwaka 1999 watafiti waliwaondolea kima seli za CD8, na virusi vya SIV, jamaa wa VVU, vikapanda haraka. Shida ni kwamba virusi hubadilika sura, askari huchoka, na vingine hujificha ndani ya CD4 zilizolala, ambako askari hawavioni. Kwa hiyo dawa tusiache hata siku moja. Mimi nina miaka 11 nazo, CD4 zangu zimetoka 140 hadi 600 na kitu. Kuna mwenzangu humu aliyewahi kuelezwa habari za CD8 kliniki, au wote tunasomewa CD4 peke yake?