Vali ya presha peke yake haitoshi

Kuna mwandishi aliyedai kwamba vali ya kupunguza presha, ile inayotoa hewa presha ikizidi kiwango, ingeokoa tairi la lori lililopasuka baada ya breki kung'ang'ania na kulipasha joto. Tupige hesabu. Tairi lenye presha ya bar 8 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, hewa yake ikifika nyuzi 120, geji itasoma takriban bar 11 tu. Vali iliyosetiwa juu ya hapo haitafunguka, na huku mpira ulio karibu na rimu unaungua. Mpira ukiungua kwa ndani hutoa gesi zinazoweza kuwaka ghafla, hata baada ya gari kusimama.

Kinachofaa ni kizibo kinachoyeyuka kwa joto, kama kwenye magurudumu ya ndege: kinafungwa kwenye rimu upande wa breki, kiini chake cha aloi (mchanganyiko wa metali) kikiyeyuka upepo unatoka wote. Kujaza tairi naitrojeni badala ya hewa kunasaidia pia, kwa kuwa kunapunguza oksijeni ndani, ambayo ingewezesha gesi hizo kuwaka.

Kizibo kikishayeyuka hakirudishwi, na jamani, msiweke bolti mahali pake! Tairi na rimu vikaguliwe kabla ya kutumika tena. Gurudumu likitoa moshi, kaeni mbali nalo, hasa na ubavu wake.