Jani la Majarubani: Tulipande au Tuling'oe?

Ukipita kandokando ya majaruba ya mpunga kule Muheza, mkoani Tanga, unaweza kulikanyaga bila kujua: jani dogo lenye umbo la figo juu ya kikonyo chembamba, na mirija inayotambaa ikitoa mizizi kila pingili inapogusa tope. Kitaalamu linaitwa Centella asiatica, la ukoo mmoja na karoti na giligilani. Mkulima huling'oa kama gugu. Mtandaoni, likishasagwa, hunadiwa kuwa dawa ya kumbukumbu.

Kwa maoni yangu, wote wawili wamelikosea.

Kazi yake kwenye ngozi si porojo. Kemikali zake, hasa asiatikosaidi, huchochea mwili kutengeneza kolajeni, protini inayoshikilia ngozi. Ndiyo maana jirani zetu wa ng'ambo ya bahari, Madagaska, huyachuma majani haya porini na kuyauza nje yakatengenezewe marhamu ya vidonda na makovu. Sri Lanka hawangoji kidonda: huyakatakata mabichi, wakachanganya na nazi iliyokunwa, yakawa kitoweo cha wali. Sisi watu wa Tanga, wenye nazi na wali, tunashindwa nini kuonja?

Hilo la kumbukumbu ndilo silitetei. Mwaka 2017 watafiti walijumlisha majaribio yaliyofanywa kwa watu, wasione ushahidi wa kutosha kwamba linaongeza uwezo wa akili. Tena, kuwa dawa ya asili hakuifanyi isiwe na madhara. Mwaka 2005 madaktari wa Argentina waliripoti wanawake watatu walioumia ini baada ya kulitumia kwa siku kati ya 20 na 60. Walipoacha, wakapata nafuu. Mzazi anayemnywesha mwanawe unga huo mitihani ikikaribia anacheza na ini la mtoto.

Linaloniumiza zaidi ni mahali linapochumwa. Mmea huu hufyonza kutoka kwenye tope metali nzito zenye sumu, yakiwamo madini ya risasi. Lililoota kando ya mtaro wa maji machafu mjini na lililoota kwenye kijito safi cha milimani Amani yanafanana. Yakishafungwa mafungu sokoni, nani atayatofautisha? Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi risasi.

Kwa hiyo kama ni la kuuzwa, lipandwe. Si kazi kubwa: kipande cha mrija chenye pingili, kikifukiwa kwenye tuta lenye unyevu, huchipua. Na mnunuzi akitaka, apelekwe shambani akayaone mwenyewe maji yanayolinywesha.