Filamu Tuliyoihukumu Kabla ya Kuiona

Ramadhani ya 2024 ilikuwa na siku tatu nne tu. Baada ya taraweh tulikaa watu sita pale maskani kwetu, Malindi, mbele ya laptopu iliyowekwa juu ya kreti la soda, tukiangalia Dune: Part Two ya Denis Villeneuve. Filamu ilikuwa imetoka mwanzoni mwa Machi, siku kumi na kitu kabla ya mfungo, na nakala tuliyotiliwa kwenye flashi ilikuwa ya kamera: mtu ameketi ndani ya ukumbi, sijui wa nchi gani, ameielekeza simu kwenye skrini na kurekodi. Kichwa cha mtazamaji mmoja kilikuwa kikipita pembeni kila mara. Jirani wa ile simu alikuwa na kikohozi, na kikohozi chake tulikisikia vizuri kuliko maneno ya waigizaji.

Ilipofika sehemu ya uwanja wa mapigano, kwenye sayari ya kina Harkonnen, maadui katika hadithi, picha yote ikawa nyeusi na nyeupe. "Mrudishieni mwenye duka flashi yake," akasema ami mmoja ambaye sote twamheshimu kwa mambo ya sinema. "Picha imekufa rangi." Akavaa makubadhi yake, akaenda kulala. Waliobaki wakavumilia hadi mwisho, kisha wakatoa hukumu: ndefu, kiza, watu wananong'ona tu, haieleweki.

Mimi nilikuwa nimeiona Mombasa Jumamosi moja kabla ya mfungo, na hukumu ile iliniuma. Sehemu ile haina rangi kwa makusudi. Katika hadithi, jua la sayari ile ni jeusi na linaua rangi zote, kwa hiyo mpigapicha Greig Fraser akatumia kamera inayonasa miale ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho. Ngozi za watu zikatoka nyeupe kama chokaa. Na ile "haieleweki" nayo ilikuwa na sababu yake: watu wa jangwani katika filamu hii, Wafremeni, wana lugha yao iliyobuniwa, na maneno yao hutafsiriwa kwa maandishi chini ya skrini. Aliyerekodi alikuwa amekata ukingo wa chini. Katika saa mbili na dakika 46, kila Wafremeni walipozungumza lugha yao wenzangu walibaki bila tafsiri, halafu wakailaumu filamu kwa kutoeleweka.

Ndiyo maana nikisikia mashabiki wakisema filamu za siku hizi zimekwisha, hazina utamu, swali langu la kwanza ni: uliionea wapi? Sehemu kubwa ya lawama tunazozitupia filamu mpya ni lawama za nakala. Filamu ya kisasa hutengenezwa kwa ajili ya chumba chenye giza totoro na sauti inayokuja kutoka pande zote. Simu ikirekodi, hujirekebishia mwanga yenyewe: ikiona skrini ing'avu hupunguza, ikiona kiza huongeza, na vivuli vyote hugeuka tope. Sauti ya spika nyingi hukusanywa na kipaza sauti kidogo kama punje ya mtama. Mnong'ono wa mwigizaji, ambao ukumbini unausikia kama uko begani kwako, unapotelea kwenye bisi za mtu.

Hata hivyo sitaki kuwapa ushindi wa bure wenzangu wa upande wa ukumbini. Kwanza, tunaosema "nendeni sinema" tunasahau sinema iko wapi. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kiasi cha kilomita 120, upite Kilifi, upite Mtwapa na foleni yake. Tiketi ndiyo gharama ndogo. Kuna nauli ya kwenda na kurudi, kuna chakula, na onyesho likiisha saa nne usiku kuna swali la kulala, kwa hiyo lazima uwe na jamaa Kisauni au Likoni atakayekufungulia mlango. Kijana mmoja asiye na majukumu anaweza. Mama mwenye watoto watatu afanyeje?

Pili, aliyetumia pesa zote hizo si shahidi wa haki. Nimejichunguza katika hili. Niliporudi kutoka Mombasa niliisifu filamu ile kwa kila aliyekaa karibu nami, na baadhi ya sifa zile zilikuwa ni za nauli. Mtu hataki kukiri kwamba amekesha njiani kwa ajili ya kitu cha kawaida. Ukumbini kwenyewe mambo hayakuwa asali tupu: kiyoyozi kilitugandisha, kijana wa safu ya mbele aliwasha simu yake mara nne, na mume na mke nyuma yetu walijadili deni la shemeji yao kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hayo sikuyasimulia maskani. Nilisimulia mchanga tu.

Na mchanga ule unastahili kusimuliwa. Waliupigia picha Jordan na Abu Dhabi, lakini sisi wa huku tuna Mambrui, tunajua vilima vya mchanga vinavyobadilika rangi alasiri, tunajua upepo unavyofuta nyayo za mtu kabla hajafika mbali. Paul, kijana shujaa wa filamu, alipopanda mdudu mkubwa wa jangwani kwa mara ya kwanza, viti vilitetemeka, na watu wazima ukumbi mzima wakanyamaza kama watoto. Kwenye laptopu juu ya kreti, tukio lilelile lilikuwa kivumbi cha kahawia na kelele.

Baada ya Idi, filamu ilipokwisha kuanza kuuzwa mtandaoni kwa picha safi, niliomba turudie. Rafiki yetu ana televisheni ya inchi 43 na spika mbili za maana. Tulikuja walewale sita, ami pia, baada ya kubembelezwa. Sasa maandishi ya chini yalisomeka na sauti ilisikika, na dakika chache baada ya kuanza mtu akasema, "Ngoja, ngoja. Amesema Mahdi?" Amesema. Nao Wafremeni walimwita Paul Lisan al-Gaib pia, jina la mkombozi wanayemngoja, na hakuna aliyepita madrasa hapa Malindi ambaye masikio yake hayasimami kwa maneno hayo. Usiku wa kwanza hakuna aliyeyasikia. Safari hii tulisimamisha filamu mara mbili tubishane: je, yule ni mkombozi au ni kijana aliyepandikizwa unabii uliotungwa na wengine? Chani, mpenzi wake wa Kifremeni, haamini, na uso wake mwishoni unasema yote. Wawili waliosema "haina kitu" wakabadili kauli palepale. Ilikuwa filamu ileile.

Lakini ami hakubadilika, na sababu aliyonipa sijaweza kuijibu mpaka leo. "Nimeiona vizuri sasa," alisema. "Rangi nimekubali, ilikuwa makusudi. Lakini picha nzuri mwanangu, hata ukiionyesha kwenye shuka lenye matundu, itakutoa machozi." Akatukumbusha Sholay, filamu ya Kihindi ya 1975, inayopita saa tatu. Aliiona Mombasa ujanani, akaiona tena kwenye kanda za video zilizochakaa hadi picha inaruka, na kila mara Jai, mmoja wa mashujaa wake wawili, akifa ami hulia. Kwake yeye filamu inayohitaji ukumbi wa gharama ili ipendeze imekosa kitu ndani, imeegemea ukubwa.

Kuna ukweli hapo. Filamu nyingi kubwa za miaka hii hutegemea mtetemo wa viti, na mtetemo ukiondoka, stelingi anabaki mtu usiyemjali afe au apone. Naongeza ushahidi mwingine wa upande wa ami. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, niliiangalia nyumbani na mama yangu kwenye laptopu ndogo. Mama hakuniuliza swali hata moja. Kwa kawaida nikiangalia naye filamu ya Marekani mimi ndiye mkalimani, na nusu ya mambo yananipita nikimweleza nusu nyingine. Hapa Yasmin, msichana wa hadithi, alizungumza, mama akajibu kabla ya Denge, mpenzi wa Yasmin, na barabara za Unguja alizitambua kwa mawe yake. Udogo wa skrini hukupunguzia uzuri, ila lugha ikikushinda umefungiwa nje kabisa. Ndiyo maana sithubutu kumdharau DJ Afro, msimulizi wa filamu za kigeni kwa Kiswahili, ambaye sauti yake inajaza vibanda vingi vya video nchini. Ni kweli anaweka maneno yake mwenyewe juu ya ya mwigizaji, na mtaalamu wa sinema atasema anaharibu. Mtu wa bodaboda aliyeshinda juani atasema bila yeye hakuna filamu. Nikilazimika kuchagua, nakaa na mtu wa bodaboda.

Kuhusu urefu, ami ana hoja nzito zaidi, na hapa ndipo naona wenye kumbi hawajatufikiria watu wa Pwani. Sholay ilikuwa ndefu kuliko Dune, lakini ilikuwa na intavali. Watu walitoka, wakanunua njugu, wakabishana, wakarudi. Sasa chukua onyesho la saa kumi na moja jioni la filamu ya saa mbili na dakika 46. Weka matangazo mbele yake. Maghribi inaingia katikati, na wakati wake unakwisha filamu ikiwa bado inamalizikia. Jumamosi ile niliondoka ukumbini kwa dakika kumi na mbili, nikaswali kwenye kona ya ngazi, nikarudi kukuta mtu amekwisha kuuawa na sijui ni nani. Mapumziko ya robo saa yangetosha. Wala si jambo lisilowezekana: The Brutalist ya Brady Corbet, ya 2024, imewekewa mapumziko ya dakika 15 ndani ya filamu yenyewe, na saa inahesabu kwenye skrini. Kama mtengenezaji anaweza kuiwekea filamu ya Marekani nafasi ya kupumua, mwenye ukumbi wa mji wenye misikiti kila mtaa anaweza kusimamisha projekta.

Maskani nayo ina kasoro ambayo sisi wanaume hatuitaji. Dada zangu hawajawahi kukaa pale, wala hawatakaa. Biashara ya nakala za flashi ikiua ukumbi, imewafungia wao zaidi kuliko mimi, kwa sababu mimi nina barabara ya Mombasa na nina maskani, wao wana simu chini ya shuka. Unguja enzi za sinema zilipokuwa zimeshamiri kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na mabibi waliovaa buibui walijaza ukumbi mchana. Kwa hiyo wanaosema ukumbi ni uzungu, au ni uhuni, hawaijui historia ya Waswahili wenyewe.

Ninachokitaka Malindi si jengo la mamilioni. Chumba cha giza, projekta nzuri, spika nne, onyesho linaloanza baada ya isha na jingine la akina mama Jumamosi asubuhi, filamu za Kiswahili zikitangulia, na leseni kamili. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, haikwepeki: Bodi ya Uainishaji wa Filamu lazima iidhinishe. Mwenye filamu naye lazima alipwe. Nakala ya kamera ni wizi, nasi tulioiangalia tulikula kitu cha wizi, hilo silipambi. Ila anayepiga vita nakala bila kumpa mtu wa Malindi mahali pengine pa kwenda anamwambia tu asiangalie.

Sehemu ya tatu ya Dune imepangiwa Desemba 2026, mbali na mfungo. Nilimwambia ami juzi, nikidhani atanifukuza. Alikunywa kahawa yake hadi kwenye machicha. Kisha akauliza kama huko Mombasa kuna onyesho linaloanza baada ya isha, na kama yule jamaa yangu wa Kisauni ana nafasi ya watu wawili.