Mvua Isiwe Kisingizio

Kila majira ya kuchipua nasikia ahadi ile ile: "Tutampeleka Mama kuona maua ya mwituni, mvua ikikatika." Mimi nasema msingoje. Maua mengi ya msituni huwahi kuchanua kabla miti haijafunga majani, maana mwanga ukishazibwa huko juu, zamu yao imekwisha. Nafasi yenyewe ni wiki chache tu. Ukingoja jua la uhakika, unaweza kukuta majani matupu.

Tena mvua nayo ina yake ya kuonyesha. Mwaka huu nilitembea na mama yangu kwenye rasharasha, tukakuta anemone nyeupe, maua madogo ya msituni, zimejifunga zote, vichwa vimeinama. Nilidhani atasikitika. Akachuchumaa taratibu, akainua ua moja kwa ncha ya kidole, akaliachanisha kidogo nichungulie: matone yakiteleza nje ya petali, chavua ndani kavu kabisa. "Unaona, mwanangu? Limejisitiri." Ndivyo ilivyo. Chavua ikilowa huharibika, na nyuki nao hawatoki mvuani, kwa hiyo ua halipotezi kitu likijifunga. Siku ya jua kali ningepiga picha nikapita.

Wingu nalo halinikeri. Mwanga hutawanyika, vivuli vikali hupotea, na rangi ya zambarau hukolea kuliko wakati wa jua la adhuhuri.

Kinachonikera ni watu kukwepa tope. Njia ikijaa maji hupita pembeni, juu ya maua yenyewe, na udongo uliolowa hushindiliwa upesi. Anemone hizi husambaa hasa kwa mashina yanayotambaa chini ya ardhi, na mwendo wao ni mdogo mno: takriban mita 2 kwa miaka 100. Ndiyo maana huko Uingereza zikitanda kwa wingi huhesabiwa kuwa dalili ya msitu wa kale. Sasa wewe unazikanyaga ili kiatu kisichafuke! Pita katikati ya tope, mshike mzazi wako mkono, kiatu kitaoshwa.

Ngurumo zikianza, rudini. Hapo sina ubishi. Lakini kwa manyunyu ya kawaida, njia fupi iliyo tambarare yatosha, na viatu visivyoteleza, na soksi kavu za kubadilisha. Msimhimize. Mzazi ndiye aseme pa kusimama, hata kama ni hatua kumi tu toka mlipoanzia.